Mwanangu anataka kuwa dereva wa mbio za magari: aanzie wapi?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Gilgil, nina hoteli ndogo ya chai na chapati karibu na steji. Kifungua mimba wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Tangu Safari Rally irudi Naivasha mwaka wa 2021, naye akayaona magari yakipita Elmenteita, hataki kusikia habari nyingine. Ukutani amebandika picha ya Kalle Rovanperä na ya Lewis Hamilton. Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu kwamba kijana alichukua Probox yake usiku akaenda kuikimbiza kwenye barabara ya vumbi. Nilimgombeza mpaka nikalia mwenyewe. Sina pesa za mchezo wa matajiri, lakini pia sitaki kumkatisha mtoto tamaa kwa jambo analolipenda kiasi hiki. Je, kuna njia ya kweli ya mtu kuwa dereva wa mbio na akala kwa kazi hiyo? Aanzie wapi? (Mama Brian, Gilgil)

Jibu: Mama Brian, barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekaa kiti cha mwelekezi, yule anayesoma noti kando ya dereva, kwa misimu kumi na minane, na sasa nawafundisha vijana kazi hiyo. Wazazi wengi huniuliza namna ya kuanza. Wachache sana huniuliza, kama wewe, iwapo mtu atakula.

Njia ipo. Ni nyembamba, na mlango wake hauko pale Brian anapoutafuta. Yeye anaona mlango ni usukani. Kwa kijana ambaye kwao hakuna pesa za kuchezea, mlango ni gereji na kiti cha mwelekezi. Usukani unaweza kuja baadaye, na unaweza usije, lakini aliyepitia milango hiyo miwili hatabaki mikono mitupu hata usipokuja.

Kwanza lakini tulimalize la Probox, maana hapo sina huruma. Alichofanya mwanao usiku ule hakikuwa mazoezi. Kabla gari la kwanza halijaingia kwenye mkondo wowote wa Safari, yaani kipande cha barabara kinachokimbiwa kwa saa, barabara imefungwa, wasimamizi wamesimama kwenye njia panda, ambulensi iko tayari mwanzoni mwa mkondo, na magari ya usalama yenye namba za sifuri yameshapita kuhakikisha hakuna ng'ombe, hakuna bodaboda, hakuna mtoto aliyetumwa dukani. Ndani ya gari mna keji ya vyuma, viti vinavyokumbata mbavu, mikanda inayokufunga mabegani na mapajani, na suti zisizoshika moto haraka. Kwenye barabara ya kijijini usiku hakuna hata kimoja cha hivyo. Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: dereva wa rali akitoka mkondo mmoja kwenda mwingine hupita barabara ya kawaida pamoja na matatu na malori, na hapo anatakiwa kuheshimu kikomo cha mwendo kama mtu mwingine yeyote. Akikiuka, anaadhibiwa. Ndiyo maana leseni ya kawaida ya udereva ni lazima, na Brian hawezi kuipata kabla hajatimiza miaka 18. Mwambie kaka yako funguo zilale chini ya mto wake.

Sasa Hamilton. Picha ibaki ukutani, ila njia ile imeshampita Brian, na ni afadhali ajue leo kuliko kesho. Fomula 1 huanzia kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mbio, na watoto huingia humo wakiwa na miaka saba au minane. Hamilton alianza na minane. Baba yake, Anthony, alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili kulipia gokati. Mwaka wa 1998, mtoto akiwa na miaka 13, McLaren ikamchukua katika mpango wake wa kulea vijana, na bado ikamchukua hadi 2007 kukalia gari la Fomula 1. Baada ya gokati kuna Fomula 4 kuanzia miaka 15, halafu Fomula 3, halafu Fomula 2, na mwisho leseni ya juu ambayo hupewi mpaka uwe na pointi 40 ulizokusanya katika misimu mitatu. Bingwa wa Fomula 2 hupata zote 40 kwa mkupuo, bingwa wa Fomula 3 hupata 30. Msimu mmoja wa Fomula 4 Ulaya hula mamia ya maelfu ya yuro, na wa Fomula 2 hupita milioni mbili. Wazazi wa Esteban Ocon kule Ufaransa waliuza nyumba yao wakahamia kwenye karavani ili mtoto aendelee kukimbia. Na juu kabisa ya ngazi yote hiyo, tangu timu zilipofika 11 mwaka wa 2026, kuna viti 22 kwa dunia nzima. Hoteli yako usiiguse.

Rali ni habari nyingine, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba barabara zake ndizo hizi zetu. Safari ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa huku waliishinda dhidi ya timu za viwanda vya magari kutoka Ulaya. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda mara tano: 1973, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ya pili ni kwamba rali haimfungii mtu mlango mapema vile. Takamoto Katsuta wa Japani alikuwa mkimbiaji wa Fomula 3 kabla Toyota haijamhamishia kwenye rali, na jukwaa lake la kwanza la washindi katika ubingwa wa dunia alilipanda hapo hapo Naivasha mwaka wa 2021, akiwa wa pili.

Kuhusu Rovanperä, naomba umwambie Brian jambo moja kwa upole. Kalle alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 2022 siku moja baada ya kutimiza miaka 22. Kijana wa Gilgil akiyasikia hayo hupiga hesabu kwamba amebakiwa na miaka sita. Lakini baba yake Kalle, Harri, alikuwa dereva wa rali za dunia, na Kalle alikuwa akiendesha gari kwenye ziwa lililoganda akiwa na miaka minane. Alipofika 16 alikuwa na uzoefu ambao wengine huupata wakiwa na 30. Brian asijipime kwa mizani hiyo, ataumia bure.

Hapa kwetu ngazi iko hivi. Watoto wenye uwezo huanza na pikipiki za motokrosi au na otokrosi, mbio fupi za magari kwenye uwanja wa vumbi, ambako kuna daraja la wadogo linaloitwa Bambino. Wakishapata leseni huingia mbio za kitaifa zinazosimamiwa na shirikisho la michezo ya magari, wengi kwa gari la kawaida lililovuliwa viti na kutiwa keji. Juu yake kuna Ubingwa wa Afrika, ambao umekuwa na mashindano kama Equator Rally ya kwetu, Pearl of Africa ya Uganda, Mountain Gorilla ya Rwanda na Rally of Tanzania. Karan Patel na mwelekezi wake Tauseef Khan wamewahi kuuchukua ubingwa huo. Juu zaidi kuna Junior WRC, ubingwa wa dunia wa rali kwa vijana, ambako vijana wote huendesha gari la aina moja, Ford Fiesta Rally3, ili ubishi wa gari usiwepo. McRae Kimathi, kijana wetu, alifika huko: Februari 2022 alikuwa kwenye theluji ya Sweden, mtu aliyekulia kwenye vumbi. Naye pia ni mtoto wa dereva, Phineas Kimathi. Unaanza kuona mfululizo huo wa baba na mwana, na sababu yake si damu. Sababu ni kwamba nyumbani tayari kuna gereji, kuna tairi kuukuu, na kuna mtu wa kumpigia simu.

Na kuna gharama. Gari hilo la Rally3 lilipoanza kuuzwa lilikuwa karibu yuro 100,000 kabla ya ushuru, na hapo hujanunua tairi la akiba. Kiti na mikanda vina tarehe ya kuisha muda, miaka mitano kwa kawaida, hata kama havijawahi kupata ajali. Wakaguzi husoma tarehe hizo moja moja, na nimeona watu wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya mkanda. Ndiyo maana wengi wa wanaong'aa kwenye mbio za kitaifa ni watu wenye biashara zao. Mchezo hauwalishi, wao ndio wanaoulisha. Sisemi hayo kwa kuwalaumu, maana bila wao kusingekuwa na mashindano wala kazi kwa sisi wengine. Nasema ili ujue pesa inatoka wapi na inakwenda wapi, kwa kuwa kijana asiye na pesa lazima asimame mahali ambapo pesa hiyo inalipia kazi yake.

Mahali pa kwanza ni kiti changu cha zamani.

Watu wakiliona gari likiruka wanadhani dereva anaiona kona. Mara nyingi haioni. Anaendesha kwa maneno. Kabla ya mashindano tunapewa nafasi ya kupita kila mkondo mara mbili, kwa gari la kawaida, mwendo wa watu wanaotafuta punda aliyepotea. Dereva anatazama na kusema, mimi naandika kwa penseli, kwa sababu safari ya pili ni ya kufuta na kusahihisha. Kona tulizipa namba: sita ni ile unayopita bila kuinua mguu, moja ni ile inayokurudisha ulikotoka. Mstari mmoja wa daftari langu ulikuwa hivi: "80, kulia 4 inafunga 3, usikate, jiwe ndani, 50, kushoto 6 juu ya kilima, shika kulia, shimo." Maana yake: baada ya mita 80 kuna kona ya kulia ambayo inazidi kubana kadiri unavyoingia, usiikate kwa ndani kwani kuna jiwe limejificha kwenye nyasi; mita 50 mbele, kushoto ya kasi juu ya mgongo wa kilima usikoona upande wa pili, kaa kulia kwa sababu kushoto pana shimo. Hayo yote ni sekunde saba au nane. Mkondo wa Kedong mwaka wa 2021 ulikuwa na zaidi ya kilomita 30 za maneno kama hayo, na unayasoma gari likikurusha huku na huku, vumbi laini kama unga likiingia hadi kwenye kope.

Maneno yakitoka mapema mno, dereva anayasahau. Yakichelewa nusu sekunde, hayana kazi tena. Mwelekezi mzuri husoma kwa kufuata pumzi ya dereva wake. Hili halifundishwi darasani. Linakuja kwa kukaa pale.

Nikupe kisa changu mwenyewe. Msimu wa tatu, kwenye mkondo wa kilomita 20 hivi, kurasa mbili za daftari zilishikana kwa jasho la kidole. Niliruka ukurasa bila kujua. Nikasema "kulia 5" mahali palipokuwa na kushoto 2. Tulitoka barabarani, tukateremka kwenye korongo la miiba, gari likalala ubavu. Hakuna aliyeumia. Ninachokumbuka ni kimya baada ya injini kuzimika, harufu ya petroli, na dereva wangu akiuliza kwa sauti ya chini, "Uko sawa?" kabla hajauliza neno lingine lolote. Tangu siku hiyo nakata pembe ya chini ya kila ukurasa kwa mkasi, kila mmoja ukizidi kidogo ule wa juu yake kama ngazi, ili kidole gumba kisiweze kushika zaidi ya ukurasa mmoja. Ndilo somo la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu, kabla ya namba za kona.

Halafu kuna saa. Mwelekezi ndiye anayebeba kadi ya muda. Ukifika kituo cha muda ukiwa umechelewa dakika moja, adhabu ni sekunde kumi. Ukiingia mapema dakika moja, adhabu ni dakika nzima. Nimewahi kuona timu ikipoteza katika dirisha la gari, mbele ya meza ya msimamizi, muda ambao dereva aliupigania siku nzima milimani. Ushindi wa kwanza wa Mehta, ule wa 1973 katika Datsun 240Z akiwa na mwelekezi Lofty Drews, ulipatikana hivyo hivyo kwa upande wa heri. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa kabisa kwa pointi za adhabu. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Wakati huo mashindano yalikuwa ya kilomita maelfu, mchana na usiku, katika matope ya Pasaka. Hebu fikiria kazi ya mtu aliyekuwa na kadi mkononi.

Kwa nini nakuambia haya kwa kirefu? Kwa sababu kiti hicho ndicho pekee ndani ya gari la mbio ambacho kijana asiye na pesa anaweza kukikalia kwa uwezo wake. Madereva wenye magari wanatafuta waelekezi kila msimu, na wanaoaminika ni wachache. Mara nyingi mwenye gari ndiye anayelipia malazi, chakula na ada ya kuingia. Kijana anahitaji leseni ya mashindano, helmeti, kifaa cha kukinga shingo na suti, na mwanzoni klabu nyingine humwazima. Akikaa pale misimu mitatu amejifunza kuisoma barabara kuliko aliyenunuliwa gari jana. Na anajulikana. Jean Todt wa Ufaransa alikuwa mwelekezi. Baadaye aliongoza timu ya Ferrari, kisha shirikisho la magari la dunia, FIA, hadi 2021. David Richards alimsomea noti Ari Vatanen walipotwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1981, kisha akaijenga kampuni ya Prodrive iliyoandaa magari ya Subaru. Wote wawili walianzia na daftari magotini.

Mahali pa pili ni gereji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alijifunzia ufundi katika gereji ya baba yake kabla hajawa jina kubwa. Aliishinda Safari 1965 kwa Volvo pamoja na ndugu yake Jaswant, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alijua kwa masikio na makalio gari linapoanza kuchoka, akapunguza kabla halijavunjika. Usidhani hayo yamepitwa na wakati. Mwaka wa 2021 Thierry Neuville aliongoza Safari hadi asubuhi ya Jumapili, siku ya mwisho, kisha mfumo wa shokabu wa nyuma ukamwangusha kwenye mkondo wa Loldia, na Sébastien Ogier akaondoka na kombe. Gari la kisasa, pesa za kiwanda, na bado barabara ya Naivasha ilisema neno la mwisho. Kijana anayejua kwa nini shokabu hufa ana thamani katika kila timu, hata ile isiyomjua jina.

Kwa hiyo shule kwanza, na hili silisemi kama wazee wanavyolisema kumnyamazisha mtoto. Nalisema kwa sababu ya kazi yenyewe. Hesabu na fizikia ni za mtu anayepima mgandamizo wa tairi na pembe ya magurudumu. Kiingereza ni cha fomu za FIA na mazungumzo na fundi wa Poland anayetengeneza Fiesta. Akimaliza kidato cha nne, apate cheti cha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi au mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Likizo zake, kuanzia hii inayokuja, azitumie katika gereji yoyote yenye fundi mwaminifu hapo Gilgil au Nakuru, hata kama kazi ni kuosha vipuri kwa dizeli.

Uliuliza kuhusu kula, nami sijamaliza. Madereva wanaolipwa mshahara na kiwanda kwenye rali za dunia unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, na vidole vingine vikabaki. Wengi wanaoishi kwa udereva wa mbio duniani hawaishi kwa vikombe. Wanafundisha. Wanajaribu magari na matairi. Wanashirikiana gari na mtu mwenye pesa anayetaka kukimbia vizuri zaidi. Katika mbio za masafa marefu za dunia, kwa mfano, kila gari la daraja la LMGT3 lazima liwe na dereva mmoja wa daraja la shaba, yaani asiye wa kulipwa, pamoja na wenzake wa juu. Ndivyo Ahmad Al Harthy wa Muscat alivyokimbia gari moja na Valentino Rossi na Maxime Martin msimu wa 2024. Mfumo mzima umejengwa hivyo: mwenye uwezo analeta fedha, mwenye ujuzi analipwa kumwinua. Hapa Afrika Mashariki ni vile vile kwa kiwango chetu, na fundi na mwelekezi wamo katika wanaolipwa.

Siku Brian atakapohitaji mfadhili wake mwenyewe, ajue kwamba meneja wa kampuni haulizi "una kasi gani?" Anauliza ulianza mashindano mangapi na ukamaliza mangapi, picha za gari zimeonekana wapi, na kama ulirudisha simu zake. Aanze leo kuweka daftari la kila siku anayokaribia mchezo huu: tarehe, mahali, alichofanya, aliyemfundisha. Nimeona daftari kama hilo likimpa kijana nafasi ambayo wenzake wenye video za kuvurusha gari hawakuipata.

Kuna milango mingine inayofunguka mara moja moja. FIA iliendesha mpango wa Rally Star, wa kutafuta vipaji kupitia gemu la kompyuta na majaribio ya uwanjani, na mmoja wa waliopatikana, Romet Jürgenson wa Estonia, aliushinda ubingwa wa Junior WRC mwaka wa 2024. Nissan na Sony walikuwa na mpango wa aina hiyo, ambao Jann Mardenborough wa Uingereza aliushinda 2011 akitokea kwenye gemu. Nafasi hizo zikitangazwa, hutangazwa na shirikisho la nchi au na FIA yenyewe. Mtu akikupigia simu akisema Brian amechaguliwa kwenda chuo cha madereva ng'ambo, tuma kwanza ada ya usajili kwa simu, huyo ni mwizi. Nimewalilia wazazi wawili waliotuma.

Kama una binti mwenye macho kwenye magari hayo hayo, usimwache nyuma. Susan Muwonge alikuwa bingwa wa taifa Uganda mwaka wa 2011, akiwashinda wanaume kwenye matope yao wenyewe.

Na hatari ipo, Mama Brian. Sitakuficha. Craig Breen wa Ireland, dereva wa kiwanda, mwenye kila kinga inayonunulika, alifariki Aprili 2023 akiwa katika majaribio kule Croatia. Nilikuwa namfuatilia kwa miaka mingi, na wiki ile sikuweza kufungua daftari. Keji, mikanda na kifaa cha shingo vimeokoa watu wengi, mimi nikiwamo, lakini havijaimaliza hatari. Kaeni wewe na Brian mliongee hilo mezani, kwa sauti ya kawaida, kabla ya leseni yoyote. Kijana asiyeweza kuliongelea hayuko tayari.

Sasa mwezi huu afanye mambo mawili. La kwanza, atafute klabu iliyo karibu kupitia shirikisho, aulize kuhusu mafunzo ya wasimamizi wa barabara na umri unaokubaliwa. Safari ikipita tena huko kwenu, asisimame na umati kwenye kona. Asimame na wenye kadi na saa, hata kama kazi yake ni kubeba maji na kushika kamba. Atawaona waelekezi usoni, kwa karibu, katika zile sekunde za kukabidhi kadi, na wao watamwona.

La pili halina gharama ila nauli. Apande matatu kutoka Gilgil hadi Ol Kalou, akae mbele, na aandike kwa penseli kila kona, kila tuta, kila daraja, kwa namba moja hadi sita. Akirudi, akae tena mbele lakini macho yawe kwenye daftari, asome kwa sauti ya chini kabla kila kona haijafika, na atazame nje kwa nusu sekunde tu kuhakikisha. Safari ya kwanza atasikia kichefuchefu; karibu kila mtu husikia, na kuna wanaoacha hapo hapo. Arudie Jumamosi ya pili na ya tatu. Akifika Gilgil tumbo likiwa limetulia na makosa yasizidi matano, niandikie tena, nitamtafutia mtu mwenye gari.